Dawati la zamani: vanishi na rangi za kununua, kuanzia bora hadi ya kuacha

Ukipata dawati la zamani la shule, usikimbilie duka la rangi. Ligeuze kwanza. Upande wa chini mara nyingi haukupakwa kitu, na ukipitisha msasa namba 80 kidogo tu utajua una mti gani. Ukiona kahawia yenye wekundu na mistari mizuri, huenda ni mninga, na kuuziba kwa rangi ni kuutupa. Ubao ndio unaochagua kopo.

Nafasi ya kwanza naipa vanishi ya mafuta ya poliurethani, ile isiyong'aa sana. Ni ngumu, chai ikimwagika inafutika, na mtoto ataandikia juu yake kila siku. Inachotaka ni subira: mkono mmoja (yaani tabaka moja la kupaka) hadi mwingine acha siku nzima, piga msasa laini namba 240, futa vumbi, ndipo urudie. Mikono mitatu inatosha. Ila kwa mvule kuwa mwangalifu, maana una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka. Pangusa ubao kwa kitambaa chenye thina kabla ya kupaka. Dawati langu la kwanza la mvule niliiruka hatua hiyo, likawa bado linanata siku ya nne, nikakwangua lote upya.

Na yale majina yaliyochongwa kwa ncha ya bikari, tafadhali usiyazibe kwa puti. Vanishi itaingia humo na kuyatunza.

Ya pili ni rangi ya mafuta. Hii ni ya dawati la msonobari, au lililoungwa viraka vya mbao tofauti. Nyeupe hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa chumba kikiwa na giza; mimi huchukua kijani au bluu. Kopo hilohilo litapaka na miguu ya chuma, mradi umeisugua kwa brashi ya waya na kutanguliza rangi ya kuzuia kutu.

Laka ya kupuliza naiweka ya tatu. Inapendeza na hukauka kwa dakika, lakini inadai kompresa, mvuke wake unashika moto upesi, na kikombe cha moto huiachia duara jeupe. Mpelekee fundi mwenye karakana.

Rangi ya maji ya ukutani usinunue kabisa, hata ikiwa rahisi. Inashika uchafu, na vitabu hugandia juu yake.

Kuhusu kiasi: lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Dawati na benchi lake halizidi sana mita 2 hadi 3, kwa hiyo lita 1 inakutosha mikono yote mitatu. Kopo la lita 4 litakugandia stoo.

Kama dawati lina rangi ya zamani, ichukulie kuwa ina risasi, yale madini yenye sumu. Ikwangue ikiwa imeloweshwa, kwa msasa wa maji, ukiwa umevaa barakoa na watoto wakiwa mbali. Kopo jipya nalo lisome: Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Ukimaliza, matambara yenye vanishi usiyarundike pembeni. Yakifungana hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke.