Bakuli la Matuta kwa Paka Anayetapika Mara kwa Mara: Uzoefu Wangu

Nililinunua bakuli hili la plastiki ngumu, ambalo ndani yake lina matuta yanayopindapinda ili chakula kikwame katikati, kwa sababu paka wangu alikuwa akitapika mara kwa mara. Nimelitumia muda wa kutosha kuweza kusema linasaidia wapi na linashindwa wapi.

Kabla sijalinunua, daktari wa mifugo aliniuliza swali ambalo kila mwenye paka angefaa kujiuliza kwanza: chakula kinatokaje? Paka anayetapika kwa maana halisi huhangaika, tumbo hujikunja kwa nguvu, na kinachotoka huwa kimekwisha kuanza kusagika au kimechanganyika na nyongo ya rangi ya njano. Wangu hakuwa hivyo. Alikuwa akifakamia chakula, kisha muda mfupi baada ya kula anainamisha shingo na punje zinatoka zikiwa nzima, zimeshikamana mithili ya soseji, bila tumbo kutikisika. Huko ni kucheua, na kwa paka aliyepimwa akaonekana hana ugonjwa, ulaji wa pupa ndio wa kushukiwa kwanza.

Hapo ndipo bakuli linapofaa. Matuta humlazimisha paka azitoe punje chache chache kwa ulimi, au azivute kwa ukucha, jambo ambalo wangu amelifanya mchezo wake. Kucheua kulipungua sana, ingawa hakukukoma mpaka nilipokigawa chakula cha siku katika milo midogo zaidi. Kwa hiyo sifa zote si za bakuli.

Kasoro zipo. Chakula chenye majimaji hunasa kwenye pembe za matuta na hakitoki bila brashi ndogo, na plastiki ikishachubuka, mikwaruzo huhifadhi uchafu ambao macho hayauoni. Paka wenye uso bapa, kama wale wa Kiajemi, wanaweza kushindwa kabisa kukifikia chakula. Hilo si dogo, kwa maana paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliye mnene, anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kuugua vibaya. Anayelisusia bakuli hili arudishiwe la zamani bila kumshindisha njaa.

Kilichoniudhi zaidi ni maandishi ya kwenye boksi yanayodai kwamba bakuli "humaliza kutapika". Halimalizi. Anayetapika mabonge ya manyoya aliyoyameza akijilamba anahitaji kuchanwa manyoya kwa kitana mara kwa mara, wala si chombo kipya cha kulia. Paka mzee anayetapika huku akikonda anaweza kuwa na maradhi ya figo au ya tezi ya shingo, na hayo hugunduliwa kwa kipimo cha damu. Anayetapika mfululizo, anayetoa damu, asiyeweza kuhifadhi hata maji tumboni, au anayeshukiwa kumeza uzi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa za binadamu zisiguswe: paracetamol humuua paka.

Kwa paka mlafi mwenye afya, ningelinunua tena, ila safari hii ningechagua la kauri lenye matuta mafupi, ambalo ni zito kiasi kwamba halisukumwi sakafuni na husafishika kwa urahisi zaidi.