Raga: Mataifa Sita au Ubingwa wa Kusini?

Mimi ni wa Mataifa Sita, mashindano ya raga ya kila mwaka ya Ulaya, na sababu kubwa ni ratiba. Kila timu hucheza mechi tano tu, moja na kila mpinzani: mwaka huu Ireland ikiikaribisha England Dublin, mwakani inaifuata London. Hakuna marudiano. Ukiteleza wikiendi ya kwanza, ndoto ya kushinda zote imekufa, na anayezishinda zote huongezewa pointi tatu. Mashindano yalianza 1883 na timu nne: England, Scotland, Wales na Ireland. Ufaransa ikaingia 1910, Italia 2000. Na Italia iliingia kwa kishindo: mechi yake ya kwanza kabisa, mjini Roma, iliichapa Scotland, bingwa mtetezi, 34-20!

Kwenye Ubingwa wa Kusini, New Zealand, Australia na Afrika Kusini zilianza 1996, Argentina ikajiunga 2012. Kwa kawaida ni nyumbani na ugenini, mechi sita, ila mwaka wa Kombe la Dunia hufupishwa. Bonasi ya mashambulizi, yaani pointi ya ziada kwa kufunga trai nyingi (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani), huko ni ngumu zaidi: kaskazini trai nne zinatosha, kusini lazima umzidi mpinzani kwa trai tatu. Nakubali kasi yao ni ya juu, na ushindi wa Argentina dhidi ya New Zealand kule Christchurch 2022, 25-18, ulikuwa raga safi.