Pikapu kuukuu ya dizeli kwa barabara za Kigoma: ipi ununue, ipi uiache

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku pesa iko mfukoni na dalali anapiga simu kila baada ya nusu saa. Kwa mtu anayefanya kazi mkoani Kigoma, anayeshusha maharage kutoka Kasulu, anayebeba madumu ya mawese au mifuko ya saruji kwenda vijijini, pikapu ya kwanza kuitafuta ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita). Ya pili ni Land Cruiser ya 1HZ, kama mfuko unaruhusu. Ya tatu ni Nissan ya TD27 au QD32. Ya nne ni Isuzu ya 4JA1. Ya tano ni Mitsubishi L200 ya 4D56, na hiyo kwa masharti.

Umeona nimetaja injini kabla ya mwaka na rangi. Pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, watu huuliza kwanza "ni namba gani?" Wakiambiwa namba D wanatabasamu, wakiambiwa namba B wanakunja uso. Herufi ile ya kwenye kibao cha namba inakuambia tu gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini wala lilikuwa linabeba nini. Nimeona namba B ikipanda Manyovu na mzigo wa tani moja bila kutoa moshi, na nimeona namba D inasukumwa stendi.

Sasa kwa nini Hilux. Injini ya 3L ina cc 2,779 na 5L ina cc 2,986. Zote mbili hazina turbo, na mafuta yanasukumwa na pampu ya kawaida ambayo fundi anaifungua mezani akaona kila kitu kwa macho. Gari likizima Nguruka saa 2 usiku, fundi wa kijijini mwenye spana chache na tochi anaweza kukufikisha nyumbani. Spea zake unazipata Mwanga, unazipata Kasulu, na hata Kibondo hukosi chujio, bushi na klachi. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza kuliko vyote: gari likifa mbali, nani atalifufua, na kwa spea ya wapi?

Zipo za aina mbili. LN106, ya miaka ya 1988 hadi 1997, ina ekseli nzima mbele na springi za majani. Inarusha, inachosha mgongo, lakini makorongo haiyaogopi. LN166 na LN167 zilizofuata zimetulia zaidi kwenye lami, ila bushi na boljointi za mbele zinaisha haraka kwenye barabara mbovu. Kama njia yako ni ya vumbi na mawe, LN106 iliyotunzwa naiweka juu. Kama siku nyingi unakimbia lami ya Kasulu, chukua hiyo ya pili.

Usinunue Hilux kwa jina la Hilux. Muulize muuzaji injini gani imo, kisha inama uisome mwenyewe kwenye bloku. Ile ya 2L, cc 2,446, si mbaya kama unakubali kupanda milima polepole. Ya kuikimbia ni 2L-T, yenye turbo. Hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikichemsha, na kwa joto la huku chini ziwani, na mzigo tunaopakia sisi, kuchemsha ni suala la muda.

Land Cruiser, ile wengi wanaiita mkonga, ni HZJ75, na kuanzia 1999 ni HZJ79. Injini yake 1HZ ina silinda 6 na cc 4,164, nayo haina turbo. Kwa nguvu na uvumilivu hakuna kwenye orodha hii inayoifikia. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya tumbo lake: lita moja ya dizeli inakupeleka kilomita 7 au 8, wakati Hilux ya 3L inakupa 9 hadi 11. Kama mzigo wako ni kreti za soda na magunia matano, Land Cruiser itakula faida yako yote. Kama unapeleka mzigo mzito Kalya wakati wa masika, inunue na usiangalie nyuma.

Kigoma tuna bahati moja. Mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Nduta yana magari haya, na yakizeeka huuzwa kwa mnada. Mengi yamefanyiwa sevisi kwa wakati na yana daftari la matengenezo. Omba ulione hilo daftari. Lakini kabla hujanyoosha mkono mnadani, uliza kuhusu ushuru. Gari lililoingia kwa msamaha wa kodi likiuzwa kwa mtu wa kawaida, ushuru unadaiwa, na bila kulipwa hupati kadi kwa jina lako. Bei ya mnada peke yake inaweza kukudanganya.

Nissan ya TD27, cc 2,663, ina sifa ninayoipenda sana: taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika. QD32, cc 3,153, ni hivyo hivyo na ina nguvu zaidi. Ni injini ngumu. Kinachoishusha hapa kwetu ni spea, maana vitu vingine utaagiza Dar es Salaam au Mwanza na kusubiri basi. Ukikuta Nissan yenye ZD30, iache. Injini hiyo ina historia ya kuunguza pistoni. Isuzu ya 4JA1, cc 2,499, inabana mafuta na inawaka bila usumbufu hata asubuhi za baridi, ila spea zake ni adimu kuliko hata za Nissan.

L200 ya 4D56 ina mikanda miwili ndani. Ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye ule mkubwa, na hapo injini imekwisha. Hedi yake nayo haipendi kuchemshwa. Inunue tu kama unamfahamu mwenye gari na umeona anavyolitunza.

Wengi wataniuliza kuhusu Vigo, zile za D-4D zilizoanza kutoka mwaka 2004 na 2005. Ni gari zuri, lina nguvu, na ukikaa ndani hutaki kushuka. Tatizo liko kwenye mafuta. Mfumo wake unasukuma dizeli kwa mgandamizo mkali mno, na nozeli zake hazivumilii uchafu wala tone la maji. Sisi huku vijijini dizeli tunaiweka kwa dumu na faneli. Kama unajaza vituo vya mjini tu na una akiba ya kubadilisha nozeli nne, sawa. Kama unajaza kwa dumu Ilagala, rudi kwenye 3L.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenigharimu mimi mwenyewe: chesesi.

Watu husema magari ya Kigoma hayali kutu kwa sababu ziwa letu ni la maji baridi, si kama Dar au Tanga. Ni kweli, ila wanasahau chumvi ya Uvinza na maji ya samaki. Pikapu yangu ya pili niliinunua kwa mtu aliyekuwa anabeba chumvi. Rangi ilikuwa nyeupe safi, viti vimeshonwa upya, na muuzaji akaniambia maneno yale yale, "Bosi, hili ni mafuta na kuondoka." Niliwasha, nikasikiliza injini, ikanifurahisha, nikalipa.

Wiki ya tatu nikaipeleka kwa fundi mzee wa Gungu kubadilisha springi. Alilala chini, akachukua spana, akaanza kugonga chesesi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Ngi, ngi, ngi, chuma kinaitika. Alipofika nyuma ya kebini, pale springi ya nyuma inaposhikwa, sauti ikabadilika ikawa du, kama anagonga ubao. Akachokonoa kwa bisibisi. Ikatoka rangi nyeusi, chini yake puti, chini ya puti kutu ya majani majani kama maganda ya kitunguu. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akanitazama akaniambia, "Mwanangu, hili ungelipakia magunia kumi na tano ungelikuta limekatika mbili."

Kuchomelea na kuongeza vyuma kulichukua siku tisa, na ilikuwa msimu wa maharage. Tangu siku ile sinunui gari bila kuligonga. Anza nyuma ya kebini, halafu mashikio ya springi, halafu sehemu yoyote iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Mwenye gari akikukataza kugonga, mshukuru na uondoke.

Injini ikague ikiwa ya baridi. Fika asubuhi bila kumpigia simu mapema, na uweke kiganja kwenye boneti kabla hujasalimia. Ikiwa ya moto, limewashwa ili usiione shida ya plagi za joto au mgandamizo ulioisha. Gari la Kasulu lijaribu mwezi wa sita au wa saba, kule juu baridi ya alfajiri haifichi kitu.

Likishawaka, fungua mfuniko wa oili uuweke tu juu ya tundu. Ukitikisika kidogo si neno. Ukirushwa, au moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi zimechoka na utafungua injini muda si mrefu. Fungua rejeta ikiwa bado ya baridi, uangalie maji wakati injini inanguruma. Mapovu yasiyokoma, au mafuta yanayoelea, ni hedi au gasketi. Moshi mweusi unaweza kuwa chujio la hewa au nozeli tu, mambo ya kurekebishika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ndio unaonitisha zaidi.

Makaratasi usiyafanye mwisho. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na kadi. Pikapu nyingi za umri huu zimebadilishwa injini, na kama kadi haikubadilishwa, usumbufu utakuwa wako. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa mwanasheria, na uhamisho wa umiliki TRA uanze wiki hiyo hiyo.

Usimalize pesa yote kwenye kununua. Bakiza kama robo, kwa sababu siku ya kwanza kuna kazi. Kwa Hilux na Land Cruiser, badilisha taimingi belti na beringi zake hata kama umeapiwa ni mpya. Muda wake ni kilomita 100,000, na kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi. Belti ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Mwaga oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, weka machujio mapya, safisha rejeta.

Baada ya hapo, mwaga oili kila kilomita 5,000, na kwa vumbi letu la kiangazi chujio la hewa lifunguliwe kila wiki. Propela ipigwe grisi kila sevisi, na kila mara ukivuka maji yaliyofika ekselini, kagua oili ya difu. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia.

Kitu cha mwisho ni maji kwenye dizeli. Pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa yanaila kimya kimya. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ndogo ya plastiki. Kabla ya kuwasha asubuhi, hasa kama jana ulijaza kwa dumu, ilegeze, kinga kwa chupa iliyokatwa, piga pampu ya mkono mara mbili tatu, uangalie kilichotuama chini. Maji hukaa chini, dizeli juu. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza, ndipo uwashe.