Kaseti ya Shimano ya meno 11–34 kwa milima ya Marangu: uzoefu wangu

Safari ya baiskeli ya mbio kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu, la Hifadhi ya Kilimanjaro, hupangwa kuanzia gia nyepesi, ramani hufuata. Lango liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, karibu mita elfu moja juu ya mji, na sehemu kubwa ya kupanda huko inakusubiri baada ya njia panda ya Himo. Kaseti, yaani rundo la sproketi za gurudumu la nyuma, ninayoitumia ni Shimano CS-HG800 ya gia 11, na mbele sproketi za meno 50 na 34. Kwa barabara za Marangu, Mamba na Mwika naithamini kuliko rimu nyepesi au tairi ya bei kubwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Tairi ya milimita 25 husogea kama mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma, pedeli zikizunguka mara 60 kwa dakika, lazima uende kilomita 9.2 kwa saa. Ukiwa na 34 nyuma, unaenda 7.6. Tofauti inaonekana ndogo mpaka barabara isimame asilimia 10: mtu na baiskeli yake wenye kilo 85 wanahitaji takriban wati 220 kwa gia ya 28, na kama 185 kwa ya 34. Asiyeweza kushikilia wati 220 kwa nusu saa ataanza kukanyaga taratibu, mizunguko 45 au 50, na hapo magoti ndiyo hulipa.

Kufunga kunataka uangalifu, maana makosa mengi hutokea hapa. Kaseti hii imetengenezwa kwa kiini cha habu (sehemu ya gurudumu la nyuma inayovikwa kaseti) cha upana wa gia 10. Kwenye habu ya barabara ya gia 11 ni lazima utangulize washa (pete nyembamba) ya milimita 1.85 inayokuja nayo kwenye boksi. Fundi akiisahau, kaseti hucheza hata nati ikikazwa mpaka mwisho, na gia hazikai. Nati ikazwe kwa Nm (nyutoni-mita) 40.

Kisha angalia mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine. Wa Shimano 105 R7000, toleo fupi la SS, mwisho wake ni meno 30. Unahitaji GS, toleo refu, unaofika 34. Uwezo wake wa kumeza cheni iliyolegea ni meno 39, na ndivyo hasa inavyotoka: 16 za tofauti ya mbele, 23 za nyuma. Hakuna ziada, kwa hiyo urefu wa cheni usikisiwe. Ipitishe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuingia kwenye mkono wa gia, kisha ongeza viungo viwili, cha ndani na cha nje. Cheni iliyokatwa kwa kaseti ya 28 itakuwa fupi: siku utakayoingiza kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, inaweza kung'oa sikio la fremu, kipande kinachoshikilia mkono wa gia. Vipuri hivi usitegemee kuvikuta kijiweni. Agiza mapema, na sikio la akiba.

Hasara ya kaseti hii inaonekana kwenye tambarare, kati ya Moshi na Himo. Meno yanaruka mawili mawili, 11, 13, 15, 17, na kutoka 13 kwenda 15 mwendo wa miguu unabadilika kwa asilimia 15. Ukipanda kikundi na upepo ukiwa usoni, utaikosa ile 14. Mimi naikubali hasara hiyo.

Ukishajua kasi yako, ratiba inajipanga. Kwa kilomita 8 kwa saa, kila kilomita nne za mwinuko mkali ni nusu saa, kwa hiyo maji uyapime kwa saa: nusu lita hadi robo tatu. Chupa mbili zijae tena Himo au Marangu Mtoni, kabla ya kipande cha mwisho. Mtori uache kwa wakati wa kurudi. Ondoka alfajiri, malori ya barabara kuu yakiwa bado machache, na uulize siku za soko, kwani hujaza watu, Noah na bodaboda barabarani.

Langoni kuna baridi zaidi ya mjini kwa nyuzi sita hivi, nawe umelowa jasho. Beba koti jepesi. Kuteremka, breki zibanwe kwa vipindi, si mfululizo, hasa za rimu. Matuta karibu na shule na masoko hutokea ghafla, na masika magari yanayotoka njia za vihambani huacha tope kwenye lami. Tope hilo likikauka kwenye cheni linasaga meno ya kaseti. Ioshe siku hiyo hiyo, ikauke, ndipo uitie mafuta.