Kuanza ufugaji kwa kuku wakubwa: shika kidari kabla hujauliza bei

Malalamiko ya wanaoanza kwa kuku wakubwa hufanana. Wamenunuliwa watano, upanga wa kichwani mwekundu, wanakula vizuri, na miezi miwili imepita bila yai. Au mayai yapo, lakini kuku mmoja hapandi fito ya kulalia na hulala sakafuni juu ya kinyesi. Kuanza na kuku wakubwa ni uamuzi mzuri, kwa sababu unakwepa kazi ya kulea vifaranga kwa joto. Kinachoharibu ni kununua kwa macho. Mambo ya pua kavu na macho maangavu kila mtu anayajua, siyarudii.

Kasoro inayosahaulika ni mfupa wa kidari, ule mrefu unaopita katikati ya kifua kuelekea tumboni. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za madini ya kalisi, na chakula kisipotosha kuku huzichota mifupani mwake. Baada ya mwaka mzima wa kutaga karibu kila siku, kidari huvunjika kirahisi akigonga fito au akiruka kutoka juu. Huunga chenyewe, mara nyingi kikiwa kimepinda. Kuku huyo hukwepa fito, hukaa chini muda mrefu, na utagaji wake hushuka. Manyoya huficha yote haya. Hata ukimtazama saa nzima hutaona kitu.

Mpakate kuku ubavuni, mkono mmoja ukibana mabawa. Kwa mkono wa pili pitisha kidole gumba na cha shahada pande mbili za mfupa, kutoka kifuani kwenda nyuma. Unataka ulionyooka kama ukingo wa rula. Uvimbe mgumu ni mahali palipovunjika na kuunga. Fika mpaka ncha ya nyuma, kwa sababu huko ndiko huvunjika zaidi, na wengi huinua mkono kabla ya kufika. Ukingo mkali kama kisu na nyama zilizobonyea pande zote ni kuku aliyekonda, mwache.

Kabla hujamwachia, shuka chini ya mkia. Mifupa miwili ya nyonga ikipitisha vidole viwili au vitatu kati yake, na tundu la kutagia likiwa pana lenye unyevu, anataga sasa. Ikipitisha kidole kimoja kwa shida na tundu ni kavu, amesimama. Manyoya mapya yanayochomoza kama sindano shingoni yanamaanisha yuko kwenye kunyonyoka, yaani anabadili manyoya na hatagi. Utasubiri miezi miwili hadi mitatu.

Kati ya kuku wa kununua, nafasi ya kwanza naipa Australorp mweusi wa miezi 15 hadi 20, kutoka kwa mfugaji anayepunguza kundi. Sifichi upendeleo wangu. Ni mbari ya Australia, mpole, na mwaka 1922–1923 kuku sita wa mbari hii walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Hatagi kwa kasi ya chotara wa kisasa, na hapo ndipo mifupa yake inaposalimika. Ni mzito, kwa hiyo fito isizidi sentimita 50 kutoka chini.

Ya pili ni chotara wa mayai, ISA Brown au Lohmann Brown, aliyetolewa shambani akiwa na wiki 72 hadi 80. Chanjo zake huwa na kumbukumbu, na mayai bado yapo. Lakini hawa ndio wenye vidari vibovu zaidi. Omba kupima kumi ili uchague watano. Angalia pia tumbo: likiwa limevimba na kujaa maji, usimchukue. Aliyetoka kwenye vizimba hajui fito, mwekee ya sentimita 30 kwa wiki za mwanzo.

Ya tatu ni kuku mchanganyiko wa tenga la mchuuzi. Ni wa bei rahisi. Lakini wametoka nyumba tofauti, na kuku aliyewahi kupata mafua ya mikoplasma, yaletwayo na bakteria, anaweza kubaki nayo maisha yote bila dalili. Basi.

Linaloudhi ni wauzaji wanaotoza bei ya tembe (kuku jike mchanga anayekaribia kutaga) kwa kuku wa miaka mitatu, kisha wanakataza kumshika eti unamsumbua. Wengine hupaka miguu mafuta ing'ae, ili magamba yaliyoinuliwa na utitiri yasionekane. Futa kwa kitambaa uangalie. Na kwa chotara wenye miguu ya njano, rangi hupauka kwa kutaga: kwanza tundu, kisha ukingo wa jicho, mdomo, na miguu mwisho baada ya miezi kadhaa. Ukiambiwa "anataga kila siku tangu mwaka jana" na miguu ni njano iliyokolea, umedanganywa. Kipimo hiki hakifai kwa Australorp, miguu yake ni ya kijivu cheusi.

Chukua wote kutoka chanzo kimoja. Nyumbani wape gramu 110 hadi 120 za chakula cha kuku wa mayai kwa kuku kwa siku, na makombe ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo chake peke yake, kila mmoja ale kwa haja yake. Fito iwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zimelainishwa. Mayai yakikatika wiki mbili za kwanza, ni uchovu wa kuhama, usibadilishe chakula.