Hollesley: Waliolelewa na plau wasiache kwenda kuwaona farasi wa Suffolk

Kama umekulia nyumba yenye plau na maksai, kama mimi kule Shinyanga, siku ukifika mashariki ya Uingereza nenda Hollesley, kwenye kituo cha Suffolk Punch Trust. Wanazalisha farasi wa kazi wa aina ya Suffolk Punch, wenye asili ya jimbo hilo la Suffolk, wale wa kukokota plau na mikokoteni, na kwangu hakuna matembezi ya maana kuliko hayo upande ule.

Tazama miguu kwanza. Farasi wakubwa wa aina ya Shire wana manyoya marefu yanayofunika kwato. Wa Suffolk miguu yake ni mitupu, maana mashamba ya huko ni ya mfinyanzi unaonata, na manyoya yangebeba tope kutwa nzima. Nilisimama ubavuni mwa dume mmoja, bega lake likawa sawa na utosi wangu. Shingo nene, kifua kipana, uzito unakaribia tani moja, na bado mhudumu alimgusa tu mguuni akauinua mwenyewe. Rangi ni moja tu kwa wote, wekundu, mwingine umekolea, mwingine umefifia. Nasaba yao yote inarudi kwa dume mmoja aliyezaliwa 1768, mali ya Thomas Crisp, mfugaji wa kijiji cha Ufford.

Inasimuliwa kwamba zamani mnunuzi alimjaribu farasi kwa kumfunga kwenye gogo la mti ulioanguka. Farasi akipiga magoti akavuta kwa nguvu zake zote, amefaulu, gogo lisogee lisisogee. Baba yangu naye alichagua maksai hivyo hivyo: alitafuta moyo wa kuvuta kabla ya ukubwa wa mwili.

Trekta nusura ziwamalize. Mwaka 1966 waliandikishwa watoto 9 tu wa farasi hawa. Hapo Hollesley waliponea kwenye shamba la gereza, wafungwa wakiwatunza, na baadaye ndipo shirika hili la hisani likaundwa ili kuwanunua.

Bila gari utasumbuka, ni kijijini, ng'ambo ya mji wa Woodbridge kuelekea baharini. Ulizia kwanza kama wamefungua. Ukiweza, nenda majira ya kuchipua, watoto wakiwa bado wananyonya. Mpeleke na mzee wako kama yuko huko. Atakaa pale kwenye uzio muda mrefu kuliko wajukuu. Kiingilio kilipe kwa moyo mmoja, na kama una cha ziada, ongeza. Farasi wa tani moja anakula.