Kihesabu hatua cha kubana kiunoni: kinamfaa mzee?

Kwa mzee wa Kisumu anayetembea asubuhi kuelekea Dunga, kidude hiki kinatosha, ila kinataka kuelekezwa. Cha bei ya chini kina kipini kinachochezacheza ndani, kwa hiyo lazima kisimame wima kwenye mshipi. Ukikibana kwenye leso, kinalala na kuacha kuhesabu. Anayeburuta miguu au kutembea polepole kwa mkongojo hupunjwa hatua nyingi. Yeye atafutiwe chenye sensa (kitambuzi cha mwendo cha kielektroniki), ambacho hukubali hata mfukoni. Na kivuliwe kabla ya kupanda bodaboda, maana mashimo ya barabarani nayo huhesabiwa!

Kipime hivi: kirudishe sifuri, tembea hatua 100 ukihesabu kwa sauti, kisha soma. Kikikosea zaidi ya hatua 5, kisogeze kwenye mshipi kiwe juu ya mstari wa goti na urudie.

Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi inadai hatua 10,000 kwa siku. Hiyo ilianzia kwenye jina la kihesabu hatua cha Japani cha 1965. Utafiti wa watu 78,430 wa Uingereza, uliochapishwa 2022, ulihusisha hatua kama 3,800 kwa siku na hatari ya dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) iliyopungua kwa asilimia 25; manufaa yalifika kilele karibu na 9,800. Ni uhusiano tu, si dawa. Anayeanza na 2,000 aongeze 500 kila wiki.

Kasoro kubwa: hakipimi mazoezi ya nguvu wala ya kutoyumba, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) pia inayataka kwa wenye miaka 65 na zaidi. Kuinuka kitini mara 10 bila kushika, hakioni.